Fundo Liko Wapi?

Nilipokuwa na umri wa miaka 16, ami yangu, ambaye ndiye aliyenifunza kuchonga milango hapa Lamu, alinipa kipande cha kizingiti cha juu kilichotoka katika mlango mkongwe, akanipa na ubao mpya wa mbambakofi, kisha akaniagiza ninakili nakshi zote kama zilivyo. Nilikaa na kazi hiyo siku tisa. Nilipima kila jani kwa bikari na kufuata kila msokoto wa shina, na nilipomaliza nilikuwa na hakika kwamba hata fundi mzoefu angetatizika kuutenga ubao wangu na ule wa zamani, isipokuwa kwa rangi. Ami alipitisha kidole juu ya kazi yangu polepole, akasita mahali ambapo jani moja lilipinda kwenda juu, kinyume na mwelekeo wa majani mengine, akaniuliza, "Fundo liko wapi?" Sikumwelewa. Akakichukua kile kipande cha zamani, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, nami nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu kwa siku zote tisa: kando ya jani lile lililopinda palikuwa na fundo gumu la mti, na fundi wa kale alipofika hapo alilizungusha jani ili patasi isije ikapasua ubao. Ubao wangu mimi haukuwa na fundo lolote. Nilikuwa nimelikwepa fundo lililokuwa katika ubao wa mtu mwingine.

Nimeanza na mlango kwa sababu kazi iliyokuja kunishughulisha baadaye, yaani kusanifu michezo ya mezani na kuitengeneza kwa mbao, imenirudisha kwenye swali hilo la ami mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kila anayetaka kutengeneza mchezo hufika mapema sana kwenye njia panda. Anaweza kuuchukua mchezo uliopo, ambao watu wameupenda, akauiga. Au anaweza kujifunza ruwaza ambazo wasanifu wamezitambua katika michezo mingi, yaani namna zinazojirudia za kutatua matatizo yanayojirudia, kisha akaujenga mchezo wake kwa kuchagua miongoni mwa ruwaza hizo. Mimi nimezipita njia zote mbili, na katika kila moja nilipotea kwa muda.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa kuiga mwanzo hadi mwisho. Nilitaka watoto wa mtaa wetu wawe na kitu cha kucheza sebuleni wakati wa mvua za masika, nikachukua Ludo, mchezo uliosajiliwa Uingereza mwaka 1896 kutokana na pachisi ya Wahindi, na ambao hapa kwetu kila mtoto anaujua. Nilibadilisha sura yake tu. Nyumba nne zikawa Lamu, Shela, Matondoni na Kipungani, na kete zikawa vidau vidogo vya mbao vyenye matanga ya rangi nne. Kanuni sikuigusa hata moja. Watoto waliucheza mpaka rangi ikachujuka, na majirani wakaniagiza niwachongee zaidi. Wapo wasanifu wanaosema kwamba kazi ya namna hiyo haihesabiki. Sikubaliani nao, kwa sababu watoto wale walikuwa na umri uleule, muda uleule na mkeka uleule ambao Ludo hustawi juu yake, kwa hiyo majibu yaliyomo ndani ya Ludo yalikuwa majibu ya maswali yangu pia, hata kama sikuyajua maswali yenyewe.

Kutojua kwangu kulikuja kunigharimu katika mchezo wa pili.

Nilikuwa na hamu ya kutengeneza mchezo unaohusu biashara ya miti ya mikoko, ambayo kwa karne nyingi ilizifunga pwani yetu na pwani ya Arabuni pamoja. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurejea na kusi, na miti ikipangwa kwa unene wake, kila daraja na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nilidhani kwamba mtoto akicheza na majina hayo hatayasahau. Wakati huohuo rafiki aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo alirudi na Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotolewa mwaka 1995, nikauona jinsi ulivyowashika watu wazima kwa saa nzima na zaidi wakibadilishana bidhaa kwa maneno na mabishano, na nikaamua hapohapo kwamba mchezo wangu utakuwa Catan ya mikoko. Nilichonga vigae 19 vya pembesita kama vile vyao. Nilichukua dadu zao mbili, karata zao za bidhaa na alama zao kumi za ushindi. Nikauita mchezo huo Boriti.

Kitu kimoja nilikiondoa. Katika Catan yumo mnyang'anyi, kipande cheusi ambacho huhamishwa kila dadu zinapotoa saba, na mtu anayekihamisha hukiweka juu ya kigae cha mwenzake ili kigae hicho kisimzalie bidhaa, kisha humwibia karata moja. Mimi sikutaka watoto wafunzwe wizi, na hata sasa nalishikilia sharti hilo. Nikamwondoa mnyang'anyi, na pamoja naye nikaondoa kanuni inayomlazimisha mwenye karata zaidi ya saba kutupa nusu yake saba inapotoka. Zilionekana kama kanuni za pembeni tu, pambo la kuongeza msisimko, na niliamini mchezo ungebaki vilevile bila ya ukatili.

Haukubaki. Katika majaribio ya kwanza, ambayo niliyafanya na binamu zangu watatu, mchezaji mmoja alirundika karata zaidi ya ishirini mkononi na kukataa kubadilishana na yeyote, kwa sababu hapakuwa na hatari yoyote katika kurundika. Mabishano niliyoyapenda katika Catan yalitoweka. Aliyetangulia katika mizunguko mitano ya mwanzo ndiye aliyeshinda kila mara, na waliobaki nyuma walijua mapema kwamba wamebaki nyuma, wakaendelea kutupa dadu kwa adabu tu. Isitoshe, saba ndiyo jumla inayotoka mara nyingi kuliko zote katika dadu mbili, mara 6 katika kila 36, na sasa kila ilipotoka hapakutokea jambo lolote. Nilijaribu kuziba kwa viraka. Nikaongeza kodi, nikaongeza dhoruba, nikaongeza karata za bahati. Kila kiraka kilitoboa mahali pengine.

Kosa la pili sikuliona mwenyewe, nilioneshwa. Jioni moja niliuchukua mchezo hadi kwenye baraza moja karibu na pwani ambako wazee hucheza bao na dhumna baada ya alasiri. Walitupokea vizuri, wakatusogezea nafasi, na tukakaa wanne kucheza huku wengine kama kumi wakitazama. Baada ya muda mfupi watazamaji walianza kuongea mambo yao, na mzee mmoja, kwa upole mkubwa, akaniambia, "Mwanangu, nyinyi mwacheza. Sisi twatazama nini?" Mali yote ya mchezo ilikuwa imefichwa mikononi mwetu katika karata. Mchezo wa bao umelazwa wazi: kila kete inaonekana, na kwa hiyo anayetazama anaweza kuhesabu, kuguna, kushauri, kukemewa kwa kushauri, na kushauri tena. Kwenye baraza mtazamaji ni sehemu ya mchezo. Catan haikusanifiwa kwa ajili ya baraza, ilisanifiwa kwa meza iliyozungukwa na watu watatu au wanne ambao wote wanacheza, na hapo kuficha karata mkononi kunafaa sana. Na kana kwamba hayo hayakutosha, upepo wa kusi ulizichukua karata zetu mbili zikaenda majini.

Niliuweka mchezo rafuni karibu mwaka mzima. Katika kipindi hicho ndipo nilipoanza kusoma juu ya ruwaza, mara nyingi usiku, kwa simu, kurasa chache kwa wakati. Nilipata kujua kwamba fikra yenyewe ilitoka kwa wajenzi wa nyumba: Christopher Alexander na wenzake walitoa mwaka 1977 mkusanyiko wa ruwaza 253 za ujenzi wa miji, nyumba na vyumba, kila moja ikianza na tatizo na kuishia kwenye namna ya kulitatua, na nilipoisoma habari hiyo niliwaza mara moja juu ya daka zetu na mabaraza yetu ya mawe. Waandishi wa programu za kompyuta waliichukua fikra hiyo, na mwaka 1994 wanne kati yao wakaorodhesha ruwaza 23 za kazi yao. Kwa upande wa michezo, Bernd Kreimeier alitoa hoja mwaka 2002 kwamba wasanifu nao wanahitaji msamiati wa namna hiyo, na miaka michache baadaye Staffan Björk na Jussi Holopainen wakakusanya ruwaza zaidi ya mia mbili.

Kilichonisaidia zaidi ya wingi wa ruwaza hizo ni umbo la maelezo ya kila moja. Ruwaza kwao ina jina, ina maelezo ya namna ya kuitumia, ina matokeo yake, na ina uhusiano wake na nyingine: ipi huizaa, ipi huibadilisha, na ipi hugongana nayo. Niliketi na daftari, nikamrudia yule mnyang'anyi niliyemfukuza, na nikajiuliza kwa mara ya kwanza alikuwa akifanya kazi gani. Nilikuta alikuwa akifanya kazi tatu. Alimtia hofu anayerundika, na hiyo ndiyo iliyowalazimisha watu kubadilishana. Aliwapa walio nyuma njia ya kumpunguzia kasi aliye mbele, jambo ambalo wasanifu huliita mrejesho wa kusawazisha. Na alimpa mtupaji dadu jambo la kuamua katika zamu ambayo haikumletea mtu yeyote bidhaa. Mimi nilikuwa nimemwondoa mfanyakazi mwenye kazi tatu nikidhani ni pambo, na hilo lilikuwa kosa la ubao wa ami likiwa limegeuzwa kinyume, kwa maana safari hii fundo lilikuwamo ndani ya ubao wangu, nami ndiye niliyelinyoosha jani.

Ningependa kueleza kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka, lakini ruwaza nazo zilinipoteza kwa namna yake. Ugunduzi ule ulinilevya. Niliuacha Boriti na kuanza mchezo mpya ambao nilikusudia usiwe na chembe ya kuiga, nikauunda kwa kuchagua ruwaza kama mtu anayenunua viungo sokoni: kidogo cha mnada, kidogo cha ushirikiano wa muda, kidogo cha siri, kidogo cha kusawazisha. Kila kanuni ilikuwa na sababu niliyoweza kuitaja. Hakuna mchezaji aliyerundika, hakuna aliyetangulia mno, hakuna aliyeachwa nyuma. Binamu zangu waliucheza mara moja, wakausifu, na hakuna aliyeomba turudie. Nilipowashinikiza waniambie ukweli, mmoja alisema kwamba hakuwahi kuogopa chochote ndani yake. Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nimekusanya majibu bila ya kuwa na maswali. Nilikuwa nimeweka mrejesho wa kusawazisha katika mchezo ambao hakuna mtu angeweza kutangulia ndani yake hata asingesawazishwa, na nilikuwa nimeweka mnada juu ya bidhaa ambazo hakuna aliyezihitaji. Majani yalikuwa yamepinda ubao mzima, na fundo hapakuwa hata moja.

Nadhani mshairi yeyote wa kwetu angeweza kunionya. Anayetunga utenzi anajua kwamba kila kipande kina mizani nane, kwamba vipande vitatu vya mwanzo vinaoana kwa kina, na kwamba kipande cha nne hubeba kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hiyo ni ruwaza, na hakuna anayemwita mwizi kwa kuifuata. Lakini hakuna pia anayekaa kutunga kwa sababu ana mizani nane. Anatunga kwa sababu ana jambo, na mizani humsaidia jambo hilo likae katika kifua cha msikilizaji.

Hatimaye nilikwenda kujifunza katika mahali nilipopaswa kuanzia. Nilikuwa nikichonga bao tangu ujana wangu, nikizitoboa safu nne za mashimo manane na kuhesabu kete 64, na nilikuwa nikicheza bila ya kuwa mchezaji mzuri, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini lilivyo ndivyo lilivyo. Safari hii nililisoma kwa macho ya ruwaza, nikianza na lile tatizo lililoniua katika Boriti, tatizo la kurundika. Je, katika bao mtu anaweza kurundika? Anaweza, na tena ana mahali salama pa kurundikia, kwa sababu mpinzani hula kutoka safu ya mbele peke yake, na kete zilizo safu ya nyuma haziliki zikiwa pale. Basi kwa nini watu hawazifichi zote nyuma? Kwa sababu safu ya mbele ikiwa tupu umeshindwa, hata kama nyuma una hazina. Na katika kipindi cha mtaji, yaani kete zote zikishaingia ubaoni, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha mwendo wa kula, kwa hiyo rundo likizidi kiasi linakuwa mzigo. Na mwenye nyumba, yaani lile shimo analoanza nalo likiwa na kete sita, ana hiari ya kulala ndani yake au kusafiri nazo, na kila mara hiari hiyo humtesa, kwa maana nyumba ikikua sana inakuwa tamaa ya mpinzani. Wazee wa bao hawana haja ya mnyang'anyi wala ya kumtupisha mtu nusu ya mali yake. Mchezo wao humfanya mrundikaji ajiadhibu.

Siku ile nilielewa ruwaza ni nini kwa kweli, na nilielewa kwa kuwa nilikuwa na mifano miwili mkononi. Mjerumani wa mwaka 1995 na wazee wa pwani ambao hakuna anayeyajua majina yao walikabiliana na tatizo lilelile, wakajibu kwa njia zisizofanana hata kidogo. Nilipokuwa na Catan peke yake, sikuweza kutenganisha tatizo na jibu, kwa hiyo chaguo langu lilikuwa kulichukua jibu lote au kulikata bila ya kujua ninakata nini. Nilipoyaweka majibu mawili sambamba, tatizo lilijitokeza lenyewe katikati yao, na hapo nikawa huru kutafuta jibu la tatu.

Jibu la tatu nililipata baharini. Kila nahodha wa hapa anajua kwamba mlango wa bahari wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki kwa chombo kilichozama sana isipokuwa maji yakiwa yamejaa. Nilizitupa karata na vigae vyote. Nilichonga ubao wenye mashimo, ambapo mzigo wa kila mchezaji umekaa wazi kama kete za bao, na pembeni nikaweka kipimo cha maji kinachokwenda kwa zamu kutoka maji mafu, yasiyojaa sana, hadi bamvua, yanapojaa kupita kiasi, na kurudi. Jahazi lenye kete zaidi ya sita halipiti Mkanda wakati wa maji mafu, hulazimika kungoja, na anayengoja anapitwa na wenzake. Kusi ikisha kuvuma mara ya mwisho, mti wowote ambao haujavuka hauna mnunuzi. Kiwango cha sita nilikipata kwa kujaribu tu: tano iliwabana watu hata wakachukia, saba haikumngojesha mtu yeyote. Kazi ya kwanza ya mnyang'anyi ikapata mwenyewe, na kazi ya tatu pia, kwa sababu kila zamu ina uamuzi wa kupakia au kuondoka.

Kazi ya pili, ile ya kumzuia aliyetangulia, niliiandalia kanuni tatu tofauti, na nikaziondoa zote tatu. Nilipourudisha mchezo barazani, mali ikiwa wazi sasa, watazamaji wenyewe walimtangaza aliyetangulia kwa sauti, na wachezaji wenzake wakaacha kumuuzia. Kitabu cha ruwaza kilinifundisha kwamba mahali hapo panahitaji nguzo, nacho hakikukosea. Ila baraza lilikuwa limekwisha kuisimamisha nguzo hiyo kabla yangu. Nikicheza Boriti katika nyumba yenye watu wanne na mlango uliofungwa, kasoro hiyo hurudi, na bado sijaitafutia dawa.

Watu huniuliza, hasa vijana wanaotaka kutengeneza michezo ya simu, ni njia ipi bora. Huwakumbusha yaliyotokea mwaka 2014. Mwezi wa Februari Asher Vollmer na Greg Wohlwend walitoa Threes, mchezo wa kuunganisha namba juu ya gridi ya nne kwa nne, baada ya kazi ya karibu miezi 14. Mwezi uliofuata kijana wa Kiitalia, Gabriele Cirulli, alitoa 2048, ambao alikuwa ameuandika kwa siku chache akifuata mwigo mwingine wa wazo hilohilo, akautoa bure, nao ukaenea duniani kote. Sitamdanganya kijana yeyote kwamba anayeiga hawezi kupata wachezaji. Lakini nawaomba waicheze yote miwili. Katika Threes vipande husogea hatua moja kwa kila mwendo, na 1 huungana na 2 tu. Katika 2048 vipande huteleza mpaka vikwame, na namba huungana na inayofanana nayo. Tofauti zinaonekana ndogo, na mchezaji aliyekaa na Threes kwa mwezi atakuambia kwamba hata pumzi ya mchezo haifanani. Nani aliyejua uzito wa tofauti hizo? Waliokaa nazo miezi 14 walijua.

Kwa hiyo mimi, ninapoulizwa, husema kwamba kuiga mchezo mzima kunafaa pale ambapo wachezaji wako, muda wao na mahali pao ni sawa na vya mwenye mchezo, na kwamba mtu anayeanza anapaswa kuiga angalau michezo miwili kwa ukamilifu kabla ya kufungua maelezo ya ruwaza yoyote, kwa sababu mkono hujifunza mambo ambayo jicho halijui. Ninachokihofia ni kuiga nusu: kuchukua mchezo wa mtu, kubadilisha kanuni mbili kwa sababu za kupendeza tu, na kuamini kwamba zilizobaki zitasimama. Hapo ndipo ruwaza zinapokuwa za lazima, kwa kuwa ukitaka kutoa tofali katika ukuta ni sharti ujue ukuta unabeba nini. Na katika kuanza jambo jipya kabisa, huziweka ruwaza kando mpaka mchezo uumwe. Ukishaanza kuumwa, ukionesha ni wapi unapouma, ndipo nazifungua.

Sasa nina mwanafunzi, kijana wa miaka 17, anayejifunza kuchonga na ambaye anataka kutengeneza mchezo wake kuhusu uvuvi wa kamba kwa kuuiga Boriti. Sikumkataza. Nilimpa ubao na kumwambia aitaje kila kanuni na tatizo inalolitatua, na asibadilishe kitu mpaka amalize. Alikwenda vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu, baada ya magharibi, alikuja karakanani na daftari lake, akaniuliza, "Maalim, kwa nini kila mchezaji ana majahazi matatu?"

Nilianza kumjibu na nikanyamaza. Nilitafuta sababu katika Mkanda, katika kipimo cha maji, katika urefu wa mchezo, nisiione. Kisha nikakumbuka kwamba ubao wa kwanza wa toleo hili niliuchonga kwa mabaki ya mbambakofi yaliyobaki katika mlango wa mteja, na mabaki hayo yalitosha majahazi 12 tu, na wachezaji ni wanne. Nikamwambia hivyo hivyo. Aliandika katika daftari, akasubiri. Tukaondoa jahazi moja kwa kila upande, tukazipanga kete upya, na adhana ya isha ilitukuta katika mzunguko wa nne, jahazi lake moja likiwa limepakia kete saba na maji yakiwa mafu.